Moshi Mweupe wa Gari la Obren

Ukimpelekea fundi Gvozden gari ambalo injini yake bado ina moto, usitegemee akuangalie usoni. Ataweka kiganja juu ya boneti, kama mama anavyopima homa ya mtoto, kisha atakitoa na kukifuta kwenye ovaroli kana kwamba umempaka uchafu. "Rudi nalo kwako," atakwambia. "Au liache hapa lilale. Gari likishapata moto linasema uongo kama mwenyewe."

Sisi watu wa kijiji cha Gornja Lipa tumemzoea. Wageni ndio wanaokasirika. Mwaka juzi alikuja bwana mmoja wa mjini na gari alilotaka kuliuza, akataka Gvozden amhakikishie mnunuzi kwa kinywa chake kwamba injini ni nzima. Gvozden akagusa boneti.

"Umelizungusha wapi tangu alfajiri?"

"Nimetoka nalo nyumbani tu, fundi."

"Nyumbani kwenyewe basi ni ng'ambo ya mpaka. Acha funguo."

Gari likalala, na asubuhi lilipowashwa likatoa wingu la buluu hadi kuku wa jirani wakaparamia uzio. Yule bwana hakungoja hata kahawa.

Maana siri yote ya moshi, na hii Gvozden atakueleza hata kama hujamuuliza, iko katika dakika tatu za kwanza za asubuhi. Injini imekaa kimya usiku kucha. Oili imedondoka inakotaka kudondoka, maji yamejipenyeza yanakotaka kujipenyeza. Ukiwasha, linatapika kila lilichokula usiku. Moshi wa buluu ukitoka mara moja na kuisha, hizo ni sili za valvu zimekauka, utaishi nazo kama unavyoishi na meno mabovu. Wa buluu usioisha ni ringi za pistoni, hapo andaa kilio. Mweusi ni petroli inayozidi. Mweupe mwepesi unaoyeyuka hatua mbili nyuma ya gari ni mvuke wa baridi tu, na fundi anayekutisha kwa huo ni mwizi. Lakini mweupe mzito, unaotambaa chini na kugoma kuondoka, huo ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Gasketi ya hedi imekwisha, kaa chini tuzungumze.

Ili auone vizuri, ukuta wa mwisho wa gereji ameupaka rangi mbili, nusu nyeupe, nusu nyeusi. Moshi wa buluu na mweusi anausomea kwenye nyeupe, mweupe anausomea kwenye nyeusi. Halafu anatoa hanchifu safi mfukoni, anaitandaza mbele ya bomba la moshi, anahesabu hadi thelathini, anainusa. Hapo ndipo mkewe, Desanka, anapotaka kulia. Hanchifu ni zake, amezipiga pasi yeye mwenyewe, na zinarudi zimekuwa matambara.

"Miaka thelathini na minne nimeolewa na pua," husema. "Mwanamume aliyeizunguka hata simjui."

Desanka mwenyewe ana ugonjwa wake, nao ni kuandika. Kila chupa na kila kopo jikoni mwake lina karatasi: jamu ya plamu, mwaka fulani, pilipili za kuchoma, mwaka fulani. Gvozden humcheka. Huku kwetu hakuna mtu aandikaye juu ya chupa. Rakija, pombe yetu kali ya matunda, inakaa kwenye chupa ya soda, siki kwenye chupa ya rakija, mafuta ya taa kwenye chupa ya siki, na kila mtu anajua ya kwake kwa mahali ilipo kwenye rafu. "Mungu alitupa pua bure," Gvozden alikuwa akisema, "halafu wewe unanunua kalamu." Alikuwa akisema. Siku hizi hasemi tena, na ngoja nikwambie kwa nini.

Obren ni jirani yake na ni kum wake. Yaani ndiye aliyesimama naye kanisani siku ya ndoa akamshikia taji, na kwetu kum ni zaidi ya ndugu, maana ndugu hukumchagua. Ana miaka sabini na minne, macho yake yameingia ukungu, na gari lake jekundu lina umri wa binti yake Jagoda. Wanataniana hao wawili hadi mgeni anadhani wanagombana. Mke wa Obren, Zagorka, ndiye aliyekuwa akiwatenganisha, kwa kuleta bilauri.

Zagorka alikuwa na rakija yake ya majani ambayo hakuna mwingine kijijini aliyeiweza. Alipanda mlimani mwenyewe kuchuma nanaa na shamari na vingine ambavyo hakuvitaja, akavilowesha siku arobaini kwenye rakija ya plamu hadi ikageuka kijani, akaongeza asali kidogo. Kila chupa aliifunga uzi mwekundu shingoni. Ukiona uzi mwekundu, hapo mkono wa Zagorka umepita. Alifariki mwezi Mei, ghafla, akiwa anaanika nguo. Stoo ya chini ya nyumba ilibaki na chupa yake moja tu. Obren aliapa hataigusa hadi kumbukumbu ya nusu mwaka makaburini, akaimimine kwa mkono wake juu ya kaburi na kuwanywesha watu waliompenda.

Sasa sikiliza alichofanya Gvozden. Mwezi Oktoba Obren alimjia akilalamika kwamba maji ya rejeta yanapungua na hajui yanakwenda wapi. Gvozden alikuwa chini ya lori la mtu, mikono imejaa grisi. "Nikupe kulanti uongezee," akasema, "ukimaliza kumbukumbu uniletee nilitazame." Kulanti ni ile dawa ya kijani inayozuia maji ya rejeta yasigande, na ni sumu, ingawa ina utamu. Alikuwa nayo kwenye pipa, kali, haijachanganywa maji. Akatafuta chombo. Juu ya meza ya vifaa ilikuwepo chupa tupu, ya Zagorka, aliyoimaliza mwenyewe zamani na kushindwa kuitupa. Akaijaza, akaizibia kizibo chake. Uzi mwekundu ulikuwa bado shingoni.

"Hii ya gari, kum, usije ukaninywea," akasema akicheka.

"Na mimi ninywe takataka yako? Ya kwako hata gari linaitapika," akajibu Obren, naye akicheka. Akaipeleka stoo, akaiweka kwenye rafu.

Kumbukumbu yenyewe ilikuwa Jumamosi. Ijumaa yake Obren alikuja na gari jioni jua likizama. Nyuma yake barabara nzima ilikuwa nyeupe.

"Limezidi," alisema. "Juzi nimeliongezea ile ya kwako, chupa karibu nzima, na bado linafuka kama tanuri la mkate. Nitazamie, kum. Kesho nitapanda makaburini na nyinyi."

"Kesho mimi nitakuja baadaye kidogo. Lazima niliwashe likiwa limelala. Nenda na Desanka na Jagoda kwenye gari letu, mbebe na ngano ya kumbukumbu. Saa nne kasoro robo nitakuwa nimefika, nitatembea."

"Usichelewe. Unajua bila wewe watu hawaonji kitu."

"Najua, najua. Nenda kalale, shetani mzee."

Asubuhi ilikuwa ya baridi kali, umande umeganda juu ya nyasi. Desanka aliondoka saa tatu na wenzake, sahani ya ngano ya kuchemsha mapajani, mishumaa mfukoni. Gvozden akafungua milango yote miwili ya gereji, akaweka kiganja juu ya boneti. Baridi kama jiwe. Vizuri. Akaingia, akapiga stata.

Injini ilikohoa, ikakamata kwa silinda tatu, ikatetemeka, ya nne ikaingia ikichechemea. Akatoka haraka kwenda nyuma. Moshi ulikuwa mweupe, mzito, ulishuka chini na kutambaa sakafuni hadi ukutani, ukapanda kwenye upande mweusi. Akaupa dakika moja. Akaupa ya pili. Haukuyeyuka. "Gasketi," akasema kwa sauti, akajisikia vizuri, kama mtu aliyepatia. Ili amalize kazi kwa desturi yake, akatoa hanchifu, akaitandaza, akahesabu hadi thelathini, akaileta puani.

Kulanti ikichomwa ina harufu ya utamu unaokera, anaijua kuliko jina lake. Haikuwa hiyo. Alinusa tena. Nanaa. Akanusa mara ya tatu, macho ameyafumba. Nanaa na shamari, na nyuma yake plamu. Zagorka alikuwa amekufa miezi sita, na harufu ya jikoni kwake ilikuwa inatoka kwenye bomba la moshi.

"Mama yangu," alisema.

Akazima injini. Akafungua kizibo cha tangi dogo la maji, akainamia. Ikampanda usoni waziwazi, pombe na majani ya mlimani. Hapo akaelewa, na Mungu amsamehe, akaanza kucheka. Aliegemea boneti akacheka hadi machozi. Kipofu mzee! Kamiminia gari rakija! Litri nzima ya Zagorka, watu wazima wangeigombania, kainywesha chuma! Ndiyo maana linafuka hivi, limelewa! Akajiona tayari makaburini akimsimulia Desanka, akamwona Obren akipandwa na hasira. Miaka yote iliyobaki angemtania kwa hilo.

Mara kicheko kikakatika.

Kwa sababu chupa zilikuwa mbili. Mbili, zenye uzi mwekundu, za kijani. Kama ya Zagorka imo humu ndani, basi ile nyingine iko wapi? Aliijua iko wapi. Alimwona Jagoda asubuhi ileile akipita nayo dirishani, ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Jamani, mtu anaweza kusimama amekufa. Halafu akaikumbuka simu, akampigia Desanka, na simu ikalia palepale nyumbani, ng'ambo ya ua, juu ya meza ya jikoni ambako huisahau kila siku. Obren hana simu. Namba ya Jagoda iko kwenye simu ya Desanka. Akatazama saa ya ukutani. Saa nne kasoro dakika saba. Gari lake walikuwa wameondoka nalo. Mbele yake lilikuwepo moja tu.

Alirudisha kizibo akaliwasha. Likatetemeka, likafuka, akalitoa gerejini kwa gia ya kwanza bila kufunga milango.

Makaburi yetu yako juu ya kilima, kilomita tatu za kona. Ukienda kwa miguu utapumzika mara mbili. Gvozden alilikanyaga gari lile kama hajawahi kukanyaga gari la mtu. Mshale wa joto ulipanda; aliutazama, akaacha kuutazama. Nyuma hakuona kitu, weupe mtupu. Mama mmoja aliyekuwa akipeleka maziwa alirukia mtaroni na ndoo zake, akamtukania ukoo mzima. Gvozden alikuwa anaongea peke yake. "Msinywe. Msinywe. Desanka, wewe si mnywaji, mama, usinywe leo." Lakini alijua atakunywa. Hata asiyegusa tone mwaka mzima, tone la marehemu hakatai. Kwanza unamimina kidogo ardhini kwa ajili ya roho, halafu unakunywa, na hakuna kugonganisha bilauri. Ndivyo tulivyokuta, ndivyo tunavyofanya.

*Niliijaza mimi*, alikuwa anafikiri. *Kwa mkono huu.*

Kwenye kona ya mwisho mvuke ulianza kutoka chini ya boneti. Getini injini ikazima yenyewe. Alitoka mbio akaacha mlango wazi. Watu kama kumi na watano walikuwa wamelizunguka kaburi la Zagorka, padri amekwisha kufunga vitabu vyake, mishumaa inawaka. Jagoda alikuwa ameshika sinia lenye bilauri zilizobaki. Kila mtu alikuwa na bilauri ndogo mkononi, ya kijani.

"Msinywe!" akapiga ukelele. "Msinywe! Wekeni chini!"

Waligeuka wote. Hakuna aliyeweka chini. Nani anaweka chini kwa sababu mtu mwenye ovaroli anapiga kelele makaburini? Gvozden alikatiza juu ya makaburi ya watu, akakanyaga maua ya watu, akafika, akalipiga sinia la Jagoda kwa mkono. Vioo vilipasukia kwenye jiwe la Zagorka. Jagoda akapiga yowe. Mtu mmoja akasema, "Amelewa, asubuhi yote hii!" Mwingine akamkamata kola.

"Kum," alisema Obren. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwenye kaburi la Zagorka, kum? Unanifanyia hivi?"

Gvozden alikuwa anamtazama mkewe. Desanka alikuwa na bilauri mkononi, imejaa hadi ukingoni.

"Umekunywa?"

"Una nini wewe? Mbona huna rangi?"

"Desanka, umekunywa?"

"Ningekunywaje?" akasema Desanka, naye sasa akiwa ameanza kuogopa. "Tunakungoja wewe. Robo saa tumesimama kwenye baridi tunakungoja."

Kwetu mwenyeji hunywa wa kwanza, kisha kum, na kabla kum hajanywa hakuna mkono unaoinuka. Watu kumi na watano walikuwa wamesimama na kifo vidoleni wakimlaani Gvozden kwa kuchelewa. Alishika jiwe la kaburi asianguke. Kisha neno moja likarudi kumchoma: mwenyeji hunywa wa kwanza.

Aligeuka taratibu.

"Wewe, kum?"

"Mimi nini?"

"Umekunywa?"

"Nimekunywa," alisema Obren. "Moja ya desturi. Na moja ya kwangu mwenyewe, maana nimemkumbuka. Ilikuwa tamu. Nikasema Zagorka safari hii alizidisha asali."

Gvozden alimshika mkono.

"Hiyo ni dawa ya rejeta. Ni ile niliyokupa. Niliijaza mimi kwenye chupa yake. Mimi, kum, mimi."

Bilauri zilianza kuanguka moja moja kwenye nyasi. Padri alifanya ishara ya msalaba. Jagoda alimshika baba yake bega na kumtikisa, "Baba! Baba, tapika!" na Obren akawa anamsukuma taratibu, kwa maana alikuwa bado hajafika huko walikofika wenzake. Alikuwa anaikunja sura, anahesabu chupa zake kichwani.

"Basi ya Zagorka iko wapi?" akauliza.

Gvozden aligeuza kichwa tu kuelekea getini, na wote wakageuka naye. Gari jekundu lilikuwa limesimama na mlango wazi, boneti ikivuja mvuke mweupe, na upepo ulikuwa unauleta huko waliko. Harufu iliwafikia. Desanka ndiye aliyeanza kulia, mkono mdomoni. Obren alisimama ameinua uso, pua zimepanuka, na hicho ndicho kilichomwangusha, si sumu. Alikaa chini kwenye ukingo wa kaburi, akabaki mdomo wazi.

Walimpeleka mjini kwa gari la padri, padri mwenyewe ameshika usukani, kanzu ameikunja magotini. Jagoda alipiga simu hospitali njiani. Daktari aliuliza ni nini, kiasi gani, saa ngapi, akasema msimtapishe, msimpe kitu, kimbieni. Kwenye kiti cha nyuma Gvozden alikuwa amemshika kum wake mkono. Obren alianza kuongea maneno ya mlevi, akacheka kidogo, akamwita Gvozden kwa jina la marehemu kaka yake. Gvozden alidhani ndiyo mwisho.

Alikaa kwenye korido hadi alasiri, mikono mapajani, hanchifu bado mfukoni. Daktari alipotoka, mwanamke mfupi mwenye miwani, alisema figo zimeumizwa kidogo lakini wamewahi. Akasema dawa ya sumu ile ni pombe safi, wanamtiririshia mshipani.

"Pombe?" alisema Gvozden.

"Pombe. Atakuwa amelewa siku mbili, kwa amri yangu. Mngechelewa hadi jioni ningekuwa nazungumza na nyinyi maneno mengine. Nani aligundua?"

Jagoda alimwonyesha Gvozden kwa kidevu. Hakuwa amemsemesha tangu makaburini.

"Ulijuaje?" aliuliza daktari.

"Moshi," alisema Gvozden. Halafu akaangua kilio mbele ya watu, mtu mzima wa miaka sitini na moja, na Desanka akamfunika kichwa kwa koti lake.

Usiku ule hakulala. Alfajiri Desanka alimkuta gerejini na kopo la rangi nyeupe na brashi, anaandika. Aliandika juu ya pipa la kulanti, juu ya chupa ya breki, juu ya kopo la oili, juu ya chupa ya maji ya kunywa akaandika *maji*. Desanka hakumtania. Alichukua kitambaa akamshikia kopo.

Siku ya nane walimruhusu Obren. Siku ya tisa asubuhi alijikongoja hadi gerejini na fimbo, amekonda, kola ya shati imempwaya. Gari lake lilikuwa pale, lilivutwa kutoka makaburini kwa trekta. Gasketi mpya ilikuwa inaning'inia kwenye msumari. Gvozden alimwona akasimama, spana mkononi. Alikuwa amejiandalia maneno siku zote tisa, na yote yakamtoka kichwani.

"Nitukane," alisema. "Nipige na hiyo fimbo. Nimekosa, kum. Nilikupa sumu kwenye chupa yake."

"Na mimi nikamwaga ya kwake kwenye gari," alisema Obren. "Nani anitukane mimi?"

Obren aliweka kiganja juu ya boneti, kama alivyomwona mwenzake akifanya miaka yote.

"Umeshayatoa maji yake?"

"Bado. Nusu yalichemka yakaisha. Nusu yamo. Nilitaka nikuulize kwanza."

"Limelala baridi?"

"Siku tisa."

Obren alivuta kigoda, akakiburuta hadi nyuma ya gari, upande wa ukuta mweusi, akakaa. Akanyoosha mkono. Ilimchukua Gvozden muda kuelewa kinachotakiwa. Kisha akatoa hanchifu mfukoni, safi, iliyopigwa pasi, akampa.

"Washa," alisema Obren.

Gvozden akafungua milango yote miwili, akaingia, akapiga stata. Injini ikakohoa, ikakamata. Kwenye kioo cha nyuma aliona weupe ukishuka na kutambaa, na ndani yake mzee ameinama, hanchifu ameitandaza mbele ya bomba kwa mikono miwili. Akaona midomo yake inahesabu. Akamwona anaileta usoni, anaikandamiza kwa viganja vyote viwili, mabega yanatikisika. Gvozden alishika usukani na kutazama mbele.

"Zima!" alipiga kelele Obren kutoka kwenye moshi. "Zima, kum, zima! Utaimaliza. Tubakishe ya kesho."